Mtihani wa ASVAB kwa Kijana Aliye Nairobi: Namna ya Kujiandaa na Kuzisoma Alama Zako

Kila mwaka hunijia nyumbani Umoja vijana wachache wenye nia moja. Wamepata kadi ya kijani ya Marekani, au wako njiani kuipata kupitia mzazi, ndoa au bahati nasibu ya visa, na wamekwisha kuamua kwamba wakifika huko watajiunga na jeshi. Karibu wote huwa wamejiandaa kwa namna tuliyoizoea hapa kwetu. Wanaamka alfajiri kukimbia na wanapiga pushapu jioni, kwa sababu usajili wa makurutu wa KDF walioushuhudia uwanjani ni wa mbio, kimo, ukaguzi wa mwili na vyeti. Mbio ni nzuri, nao watazihitaji. Hata hivyo, kwenye mlango wa jeshi la Marekani kuna mtihani wa kuketi na kufikiri unaoitwa ASVAB, na mtihani huo hauamui tu kama utaingia, bali pia unaamua ni kazi gani utaruhusiwa kufanya ukishaingia.

Jambo ninalowasisitizia kuliko yote ni hili: usiifanye alama ya chini ya kuingilia kuwa shabaha yako. Kijana akitua ugenini huwa ana haraka ya kupata kipato, anaufanya mtihani wiki ya pili baada ya kufika, anapata alama inayomwingiza kwa shida, kisha anatia saini kazi yoyote iliyobaki mezani. Miezi anayosubiri visa hapa Nairobi ingetosha kumpa alama ya kumfungulia kazi ya utabibu, ya ufundi au ya ofisi. Ndiyo sababu ninaandika mwongozo huu kwa mtu ambaye bado yuko hapa.

Kabla ya kufungua kitabu

Jeshi la Marekani haliandikishi watu Nairobi, na ubalozi wao ulioko Gigiri hauna dirisha la kazi hiyo. Asiye raia wa Marekani sharti awe mkaazi halali wa kudumu, yaani mwenye kadi ya kijani, awe anaishi Marekani, na awe anazungumza, kusoma na kuandika Kiingereza. Kujiandikisha hakulipiwi na mtihani haulipiwi. Anayekuomba pesa ili akuwekee nafasi katika jeshi hilo ni tapeli, hata akikuonyesha barua yenye mihuri mingapi.

Tafuta vyeti vyako mapema. Utahitaji cheti halisi cha KCSE, si karatasi ya matokeo, na huko Marekani kitapelekwa kwenye shirika la kutathmini vyeti vya kigeni ili kilinganishwe na cheti chao cha shule ya upili. Ikiwa cheti chako kingali shuleni kwa sababu ya karo, lishughulikie jambo hilo sasa ukiwa bado unaweza kwenda mwenyewe, kwa maana kulifuatilia kwa simu kutoka ng'ambo ni taabu kubwa.

Mtihani wenyewe ukoje

ASVAB ulianza kutumika mwaka 1968, na tangu 1976 ndio mtihani mmoja wa vikosi vyote vya Marekani. Una sehemu tisa: sayansi ya jumla, mafumbo ya hesabu, maana za maneno, ufahamu wa aya, maarifa ya hisabati, elimu ya umeme na elektroniki, magari na kazi za karakana, uelewa wa mashine, na kuunganisha vipande vya maumbo. Maswali yote ni ya kuchagua jibu moja kati ya manne.

Unafanywa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya karatasi, yenye maswali 225 kwa dakika 149 za kazi yenyewe. Ya pili, ambayo ndiyo watu wengi huikuta katika vituo vya kupokea makurutu vinavyoitwa MEPS, ni ya kompyuta, na hiyo ina tabia ambayo lazima uijue mapema. Ukijibu sawa, kompyuta inakupa swali gumu zaidi. Ukikosa, inakupa jepesi zaidi. Maswali ni machache kuliko yale ya karatasi, lakini ukishathibitisha jibu huwezi kurudi nyuma. Kijana aliyezoea mitihani yetu, ambako swali gumu huachwa na kurudiwa baadaye, huvurugika sana hapa. Basi jua kwamba maswali yakizidi kuwa magumu hiyo ni dalili njema, wala usitishike.

Muda ndio mwalimu mkali. Katika mtihani wa karatasi, maana za maneno ni maswali 35 kwa dakika 11, yaani kama sekunde 19 kwa kila neno. Mafumbo ya hesabu ni 30 kwa dakika 36, ufahamu ni maswali 15 kwa dakika 13, na maarifa ya hisabati ni 25 kwa dakika 24. Ukijipima kwa viwango hivyo nyumbani, hutashangaa siku ya mtihani.

Kuzisoma alama

Sehemu hii naiweka kabla ya maandalizi kwa makusudi, kwa sababu asiyejua alama zinatoka wapi hujaza daftari kwa mazoezi yasiyomsaidia.

Alama ya kwanza inaitwa AFQT, na ndiyo inayoamua kama unaweza kuandikishwa. Inatokana na sehemu nne tu kati ya zile tisa: mafumbo ya hesabu, maarifa ya hisabati, maana za maneno na ufahamu wa aya. Hizo mbili za mwisho huunganishwa kuwa alama moja ya lugha, kisha alama hiyo ya lugha huhesabiwa mara mbili. Tazama maana yake: katika mafungu manne yanayojenga AFQT, mawili ni Kiingereza. Wanafunzi wangu karibu wote huja na vitabu vya hesabu, nami huwaambia siku ya kwanza kwamba nusu ya mzigo iko katika kusoma.

AFQT huanzia 1 hadi 99, na hapa ndipo Mkenya hukosea zaidi. Sisi tumezoea kwamba 62 ni alama 62 kati ya 100. AFQT siyo hivyo. Ni nafasi yako katika foleni: 62 ina maana kwamba umefanya sawa na au vizuri kuliko vijana 62 kati ya 100 wa kundi la ulinganisho, ambalo ni vijana wa Marekani wa umri wa miaka 18 hadi 23 waliopimwa mwaka 1997. Kijana mmoja aliyesomea kwangu alinipigia simu usiku, sauti imemkauka, akasema, "Mwalimu, nimefeli, nimepata 52." Nikamwambia akae chini. Alikuwa amevuka nusu ya kundi la watu waliozaliwa na lugha ile, na jeshi lilikuwa limemweka katika kundi linalopendelewa.

Alama hizo hugawanywa katika madaraja. Daraja la kwanza ni 93 hadi 99, la pili 65 hadi 92. La tatu limegawanyika: sehemu yake ya juu ni 50 hadi 64 na ya chini ni 31 hadi 49. Daraja la nne ni 10 hadi 30, na sheria ya Marekani inaweka kikomo cha idadi ya watu wa daraja hilo wanaoweza kupokelewa. La tano, 1 hadi 9, halipokelewi kabisa. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, mwenye cheti cha shule ya upili kwa kawaida huhitaji angalau 31. Tangu Agosti 2022 jeshi hilo limekuwa na kozi ya matayarisho huko Fort Jackson, South Carolina, inayowapokea waliopata 21 hadi 30 ili wafundishwe na kurudia mtihani kabla ya mafunzo ya kijeshi. Ni msaada wa kweli, lakini usiupangie safari yako.

Kuna jambo moja kuhusu foleni hii ambalo hutia moyo. Watu wengi wamesongamana katikati, wachache wako kwenye ncha. Kwa hiyo kupanda kutoka 45 hadi 55 kunahitaji majibu machache tu zaidi, ilhali kutoka 85 hadi 95 ni mlima. Ukiwa katikati, wiki sita za kazi ya dhati zinaonekana kwenye karatasi.

Zaidi ya AFQT, kila sehemu ina alama yake ya kulinganishwa, ambayo wastani wake umewekwa kuwa 50. Anayepata 60 katika sehemu fulani ameshinda takriban watu 84 kati ya 100. Anayepata 40 ameshinda kama 16.

Kutoka kwa alama hizo za sehemu, Jeshi la Nchi Kavu hutengeneza alama za kazi, na hizi ndizo ninazokusihi uzitie moyoni. Ziko kumi, kila moja ikiitwa kwa herufi mbili. GT hutokana na alama ya lugha pamoja na mafumbo ya hesabu. ST, ambayo ni ya kazi za kitaalamu, huchanganya sayansi, lugha, hisabati na uelewa wa mashine. CL ni ya kazi za ofisi, CO ni ya mapambano, MM ni ya matengenezo ya mitambo, EL ni ya elektroniki. Kila kazi ina kizingiti chake. Askari wa miguu ametakiwa kuwa na CO 87. Mtunza bohari, CL 90. Mganga wa vitani, ST 101 na GT 107. Na anayetaka kuingia chuo cha kuwa afisa ametakiwa kuwa na GT 110. Vizingiti hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo vithibitishe kwa afisa wa uandikishaji ukifika, lakini picha ni hiyo: mwenye AFQT 33 na mwenye AFQT 70 wote wameingia langoni, ila mmoja anachagua kazi na mwingine anachaguliwa.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakina uhusiano na alama. Kazi zinazohitaji kibali cha siri za serikali hupewa raia tu. Ukiwa na kadi ya kijani pekee, kazi hizo zitakungoja mpaka upate uraia, ambao utumishi wenye heshima jeshini unaweza kuuharakisha.

Kiingereza kwanza

Usikariri kamusi. Soma kila siku aya fupi ya habari, sayansi au historia, kisha funga ukurasa na useme kwa sentensi moja mwandishi alitaka kusema nini. Ukishindwa, hukuisoma, uliipitisha machoni. Safari ya matatu kutoka Umoja hadi mjini wakati wa msongamano inatosha aya nne au tano.

Kwa maneno, weka daftari dogo. Kila neno usilolijua liandike pamoja na sentensi ulimolikuta, kwa sababu mtihani huuliza neno likiwa peke yake na pia likiwa ndani ya sentensi. Jifunze viambishi vya Kilatini na Kigiriki, maana mzizi mmoja hukufungulia maneno kumi: anayejua kwamba "bene" ni wema hawezi kupotea akikutana na "benevolent" wala "beneficial". Maneno kumi kwa siku, ukirudia ya jana kabla ya kuanza ya leo, yanatosha.

Hesabu: usomaji kabla ya kukokotoa

Hisabati ya ASVAB haizidi sana ile uliyoiona kufikia Kidato cha Pili au cha Tatu: sehemu na desimali, asilimia, uwiano, vipeo, aljebra ya kawaida, eneo na ujazo, na pembetatu ya Pythagoras. Kinachowaangusha watu si ugumu, bali ni kasi, na kule kufanya bila kalkuleta. Iweke kalkuleta kando kuanzia leo, rudia jedwali la kuzidisha hadi 15, na ukienda sokoni ukokotoe chenji kichwani.

Nitakuonyesha swali moja la aina yake. Tangi la gari lina uwezo wa galoni 20 na sasa limejaa robo tatu. Gari linatumia galoni moja kwa kila maili 24. Litakwenda maili ngapi kabla ya kubaki na galoni 3? Majibu ya kuchagua ni 288, 360, 408 na 480.

Msichana mmoja kutoka Kariobangi aliandika 360 upesi sana, akaweka kalamu chini. Alikuwa amechukua robo tatu ya 20, akapata 15, akazidisha kwa 24, na hesabu yake ilikuwa safi kabisa. Aliponiuliza amekosea wapi, nilimwomba asome swali kwa sauti. Alipofika "kabla ya kubaki na galoni 3" akanyamaza, akalifuta jibu lake. Kumi na tano kutoa tatu ni 12, na 12 mara 24 ni 288. Sasa yatazame majibu mengine. Aliyesahau robo tatu atapata 408, na aliyesahau yote mawili atapata 480. Kila jibu la uongo limewekwa hapo kumsubiri msomaji wa aina fulani ya haraka, ndiyo maana kuona jibu lako miongoni mwa yale manne si ushahidi kwamba uko sawa. Pigia mstari kinachoulizwa, andika unachopewa, kisha ndipo ukokotoe.

Swali hilo lina mtego mwingine kwetu: galoni na maili. Sisi tumelelewa kwa lita, kilomita na kilo. Kariri vipimo vyao mpaka viwe vyako: inchi 12 ni futi moja, futi 3 ni yadi, futi 5,280 ni maili, aunsi 16 ni ratili, painti 2 ni kwati na kwati 4 ni galoni. Jifunze pia kugeuza Selsiasi kuwa Farenhaiti: zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, ongeza 32.

Ukikwama kwenye mada, Khan Academy inafundisha hisabati hii yote bila malipo, na tovuti rasmi ya ASVAB ina maswali ya mfano. Mwenye uhaba wa bando au nyumba yenye kelele anaweza kwenda Maktaba ya Taifa, Upper Hill, akae siku nzima na vitabu vya sekondari.

Karakana za mjini ni darasa

Sehemu za ufundi hazimo katika AFQT, ndiyo maana wengi huzipuuza. Wanasahau kwamba zimo katika alama za kazi. Nairobi ina mwalimu wa kila moja.

Nenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, uombe ruhusa ya kusimama karibu na fundi anayefungua injini. Mwulize kazi ya plagi, altaneta, radieta na klachi, na ni kipi hufuata kipi kutoka petroli hadi gurudumu. Kamukunji utaona tupa, jiriwa na patasi ya chuma vikifanya kazi; kwa randa na misumeno ya mbao, nenda kwa maseremala wa Gikomba. Luthuli Avenue, mafundi wa redio na simu watakuonyesha resista, kapasita na dayodi zikiwa mikononi mwao. Nimeona kijana aliyeshindwa na mchoro wa saketi kwa wiki mbili akiuelewa kwa dakika ishirini mbele ya amplifaya iliyofunguliwa.

Kisha, jioni, tafsiri ulichokiona kwa Kiingereza cha Marekani, kwa kuwa Kiingereza chetu cha gereji ni cha Uingereza. Boneti kwao ni "hood", buti ni "trunk", spana ni "wrench", petroli ni "gas", na waya wa athi ni "ground". Umeme wa nyumbani kwao ni takriban volti 120 na hezi 60, wakati wetu ni 240 na 50. Sheria ya Ohm haibadiliki: volti ni ampea mara omu.

Kwa uelewa wa mashine, jifunze wenzo, kapi, gia na hidroliki. Gia yenye meno 20 ikisukuma yenye meno 40, ile kubwa itazunguka nusu tu ya mizunguko ya ndogo, na kwa upande wa kinyume, lakini kwa nguvu ya kuzungusha mara mbili. Ukilielewa hilo, umeelewa maswali mengi.

Mpango wa wiki kumi

Wiki ya kwanza fanya jaribio zima kwa saa, bila msaada, uandike ulichopata katika kila sehemu hata kama kinauma. Wiki ya pili hadi ya sita ni za AFQT tu: saa moja ya kusoma na maneno asubuhi, saa moja na nusu ya hesabu jioni, siku sita kwa juma. Wiki ya saba na ya nane punguza hesabu kidogo uingize karakana. Wiki ya tisa rudia jaribio zima. Ya kumi ni ya makosa yako mwenyewe: chukua kila swali ulilokosa tangu mwanzo, ulifanye upya bila kutazama jibu. Daftari la makosa lina thamani kuliko kitabu kipya.

Siku ya mtihani na baada yake

Ukishafika Marekani na kuzungumza na afisa wa uandikishaji, huenda akakupa jaribio fupi ofisini kwake. Hilo si ASVAB; ni makadirio, nawe una haki ya kumwambia kwamba unahitaji wiki chache zaidi. Siku yenyewe lala mapema, kula, nenda na kitambulisho. Penseli na karatasi ya kukokotolea utapewa hapo. Katika mtihani wa karatasi jibu kila swali, hata kwa kubahatisha, kwa kuwa kosa halipunguzi alama. Katika ule wa kompyuta usibonyeze ovyo dakika za mwisho, maana kubahatisha mfululizo kunaweza kukushusha. Gawa muda wako tangu mwanzo.

Ukipata chini ya unachotaka, unaweza kurudia baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya mwezi mwingine, na baada ya hapo ni kila miezi sita. Alama hudumu miaka miwili. Jua kwamba inayotumika ni ya mtihani wa karibuni, si ya juu zaidi, kwa hiyo usirudie kabla ya kusoma.

Omba nakala ya karatasi ya alama. Izungushie kalamu GT na alama ya kazi unayoitaka, uziweke kando ya vizingiti vya kazi hiyo, na usitie saini mkataba mpaka jina la kazi uliloandikiwa lilingane na lile ulilolisomea.